Vikao Kumi vya Ushauri Nasaha wa Kiimani: Tathmini ya Aliyevipitia

Huduma ninayoitathmini hapa hutoa ushauri nasaha kwa njia ya simu kwa watu wenye sonona, hofu au majonzi ambao wangependa imani yao ya dini iingie nao katika tiba badala ya kuachwa mlangoni pamoja na viatu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa yamo mambo nitakayoyalaumu na nia yangu si kumharibia mtu riziki. Hata hivyo, mpangilio wake unafanana na wa huduma nyingine za aina hii, hivyo anayefikiria kujiunga na mojawapo atapata la kuuliza kabla hajajiandikisha. Nilipitia vikao kumi katika muda wa wiki kumi na mbili, sita vya faragha na mshauri mmoja na vinne vya kikundi. Niliingia nikiwa na sonona iliyokwisha kutambuliwa na daktari, nikiendelea kutumia dawa alizoniandikia, na nikiwa na mzigo mwingine ambao daktari hakuuuliza wala mimi sikuutaja: niliamini kwamba ugonjwa wenyewe ni hukumu.

Kwa msomaji mwenye haraka, maoni yangu ni haya. Vikao vya faragha ni vizuri kuliko nilivyotarajia, vya kikundi huponya na kujeruhi kwa mkono uleule, na dodoso la kumpokea mteja lina pengo ambalo lingepaswa kuzibwa leo kabla ya kesho.

Nianze na tangazo, kwa sababu ndilo lililonivuta. Tangazo linadai kwamba utafiti umethibitisha kuwa waumini wana afya bora ya akili kuliko wasioamini, na dodoso la kuingilia limejengwa juu ya dai hilo: mteja huulizwa anahudhuria ibada mara ngapi kwa mwezi, anasali mara ngapi kwa siku na anasoma maandiko kwa muda gani, kisha majibu yake hujumlishwa kuwa alama moja ya nguvu ya imani. Dai hilo si la uongo, ila limevimbishwa. Mwaka 2003 Timothy Smith, Michael McCullough na Justin Poll walikusanya tafiti 147 zilizohusu karibu watu 99,000 na kupima uhusiano kati ya udini na dalili za sonona. Waliupata, nao ulielekea upande ambao tangazo linautaka, yaani udini ukizidi sonona hupungua. Lakini ukubwa wake ulikuwa -0.096, kiasi ambacho kwa hesabu ya kawaida ya takwimu hueleza chini ya sehemu moja katika mia ya tofauti za sonona zilizopo baina ya mtu na mtu. Lenye uzito zaidi katika uchambuzi ule, ambalo tangazo limelipita kimyakimya, ni kwamba wastani huo mdogo unaficha mielekeo miwili inayovutana. Walioishika dini kwa ajili ya faida zake za nje, na walioitumia kukwepa matatizo yao au kumlaumu Mungu kwa sababu yake, walikuwa na sonona zaidi, si pungufu. Kumjumlishia mtu sala zake na kumpa alama moja ni sawa na kupima afya ya mgonjwa kwa kuhesabu vidonge alivyomeza bila kuuliza ni vya nini.

Bahati njema, mshauri niliyepangiwa hakulijali sana dodoso lile. Alikuwa mama wa makamo. Nilimwita Mama, naye akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Katika kikao cha pili aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa hospitalini wala katika nyumba ya ibada: "Mwanangu, usiku ule usingizi ulipokukimbia, ulimwambia Mungu nini, na ulimsikia akikujibu nini?" Nilijibu kwamba nilimwomba msamaha na nikasikia kimya, na kimya kile nikakichukua kuwa ndilo jibu. Hakunikosoa. Dakika zote zilizobaki alizitumia kuniuliza habari za huyo aliyenyamaza: anafanana na nani niliyewahi kumjua, hukasirishwa na nini, na kama yupo mtu mwingine ambaye mimi mwenyewe ningemhukumu kwa kosa kama langu.

Thamani ya huduma hii iko hapo, na swali lile lina asili yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyoitegemea dini wakati wa dhiki, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1988 njia tatu za kukabili matatizo: yupo anayejitegemea kwa kuona kwamba Mungu amempa akili ili aitumie, yupo anayemwachia Mungu kila kitu na kungoja, na yupo anayelishughulikia tatizo pamoja na Mungu kama mshirika wake. Baadaye alitenganisha tegemeo la kidini linalojenga, kwa mfano kutafuta faraja na kuyaona mateso kuwa na maana katika mapana ya maisha, na lile linalobomoa, kwa mfano kuamini kwamba Mungu amekuacha au anakuadhibu, au kwamba shetani ndiye aliyeyaleta maradhi. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa wamelazwa hospitalini. Wale waliokuwa katika mgogoro wa aina hiyo na Mungu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya muda huo, hata baada ya hali zao za mwili na akili kuingizwa katika hesabu. Dodoso linalohesabu sala lisingewatambua watu hao, maana anayedhani ameachwa na Mungu anaweza kuwa ndiye anayesali kwa muda mrefu kuliko wote. Mimi nilikuwa mmojawapo. Alama yangu ya nguvu ya imani ilikuwa ya juu sana.

Vikao viwili vilivyofuata vilihusu kurudiarudia. Sala niliyoiona haikutoka moyoni sawasawa niliianza upya. Kosa nililokwisha kulitubia nililitubia tena kwa maneno mengine, kwa hofu kwamba yale ya kwanza yalikuwa na kasoro. Na kuna usiku ambapo kazi hiyo ilinifikisha alfajiri. Watu wa nyumbani waliona ucha Mungu wakanipongeza. Mama alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa, na kwamba si ugonjwa mgeni kwa watu wa dini. Neno wasiwasi, ambalo katika Kiswahili tunalibebesha hofu za kila namna, katika Kiarabu lilikotoka lina maana ya mnong'ono unaotia shaka, na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliuweka mnong'ono huo pamoja na hasira, hofu na huzuni alipoandika kitabu chake kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akimshauri mwenye nao asikae peke yake. Karne kadhaa baadaye Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki, alisimulia jinsi alivyoteseka huko Manresa, Hispania, kwa kuungama dhambi zilezile bila kupata utulivu, na akaacha maelekezo kwa wenye dhamiri za aina hiyo. Sigmund Freud naye, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, mwaka 1907 alifananisha taratibu za ibada na vitendo vya mtu mwenye mawazo ya kulazimisha, ila yeye aliitazama dini yote kwa kioo hicho, na hapo nadhani alivuka mpaka. Wacha Mungu wenyewe walikwisha kujua kutofautisha ibada na ugonjwa unaovaa nguo za ibada.

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: nisali mara moja, kisha nikae na wasiwasi bila kurudia, hadi upungue wenyewe. Kilichonisaidia kuthubutu ni kwamba Mama alinitaka kwanza nimwendee kiongozi wa dini ninayemwamini na kumwuliza kama sala isiyorudiwa inakubalika. Kiongozi yule alicheka kidogo, akasema kwamba inakubalika, tena kwamba kuirudia kwa shaka ndiko Mungu asikokupenda. Mtaalamu asiyejali imani angeniambia nipuuze hofu yangu. Kiongozi asiyejua ugonjwa angenipongeza kwa bidii. Hawa wawili walipangwa wakakutana, na kupanga huko ndiko ninakokusifu kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii.

Sasa nije kwenye pengo. Dodoso mashuhuri la kupimia sonona, PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali tisa, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la tisa humwuliza mtu kama katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa na mawazo kwamba heri angekufa, au na mawazo ya kujidhuru. Dodoso la sonona nililotumiwa mimi lilikuwa na maswali manane. Toleo la maswali manane lipo na ni halali, lakini hutumika hasa katika tafiti ambazo anayeuliza hana njia ya kumsaidia anayejibu. Mshauri nasaha anayo njia, na kazi yake ndiyo hiyo. Nilipouliza swali la tisa limeenda wapi, nilijibiwa kwa upole kwamba wateja ni watu wa imani na kuwauliza jambo kama hilo kungekuwa kuwavunjia heshima. Mama mwenyewe aliniuliza katika kikao cha nne, kwa hiari yake, akishusha sauti kama mtu anayevunja kanuni ya nyumba.

Naelewa jibu lile lilikotoka. Ni kweli kwamba watu wanaohudhuria ibada hujiua kwa nadra zaidi; Tyler VanderWeele na wenzake waliwafuatilia wauguzi wanawake 89,708 nchini Marekani kuanzia mwaka 1996 hadi 2010 na kukuta kwamba waliohudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki walikuwa na kiwango cha kujiua kilichopungua yapata mara tano kikilinganishwa na cha wasiohudhuria kabisa. Lakini kupungua si kwisha. Shirika la Afya Duniani huhesabu vifo zaidi ya 700,000 vya kujiua kila mwaka, na wamo miongoni mwao watu waliosali. Marufuku ya dini huzuia mkono, na wakati huohuo inaweza kufunga mdomo: anayejua kwamba wazo lake ni dhambi kubwa hataliweka mezani asipoulizwa, na akikuta kwamba hata mshauri wake hathubutu kulitaja, anathibitishiwa kuwa yeye peke yake ndiye mwovu kiasi hicho. Tafiti zimechunguza hofu kwamba kuuliza kunaweza kumpandikizia mtu wazo la kujiua, wala hazikuikuta; anayeulizwa kwa utulivu mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa amepata wa kumweleza. Heshima inayomnyima mgonjwa swali si heshima kwake, ni aibu ya anayepaswa kuuliza.

Vikao vya kikundi vilikutanisha watu saba kwa simu, kila mmoja kutoka kwake, wa dini zaidi ya moja. Sitasimulia habari za mwenzangu yeyote, maana tuliahidiana siri. Nitasema tu kwamba nusu ya kwanza ya kila kikao ilikuwa dawa. Mwanasosiolojia wa Ufaransa Émile Durkheim, katika utafiti wake wa mwaka 1897 kuhusu kujiua, alidai kwamba kinachomkinga muumini zaidi ya mafundisho ni kule kufungamana na wenzake, na ingawa takwimu zake zimekosolewa sana, wazo lake limeendelea kuishi. Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha kwamba wahudhuriaji wa ibada huridhika na maisha hasa pale wanapokuwa na marafiki katika jumuiya yao. Anayehudhuria kila wiki bila rafiki humo hapati faida hiyo. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka miaka yangu ya kuingia ibadani nikiwa wa mwisho na kutoka nikiwa wa kwanza. Katika kikundi kile mtu aliniuliza nimelalaje, akangoja jibu.

Nusu ya pili ilikuwa ya kushauriana, na katika kikao cha pili cha kikundi ilisemwa sentensi ambayo msomaji bila shaka ameisikia kwingineko: kwamba mwenye imani kamili hapati sonona. Msimamizi hakuitetea sentensi ile, wala hakuipinga. Alishukuru kwa mchango, akaendelea na ratiba. Sisi wengine sita tulinyamaza, na nina hakika kila mmoja alikuwa akijihesabu.

Kimya kile cha msimamizi ndicho lawama yangu kubwa ya pili, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo ugonjwa wa mtu mmoja unapokuwa mtazamo wa jamii. Bernard Weiner na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba watu huitikia hali ya mwenzao kulingana na wanavyodhani imesababishwa: wakiona kwamba ilikuwa katika uwezo wake kuizuia humkasirikia na kumnyima msaada, wakiona kwamba haikuwa katika uwezo wake humhurumia na kumsaidia. Kusema kwamba sonona ni upungufu wa imani ni kuihamisha kutoka kundi la pili hadi la kwanza. Ugonjwa unageuka kuwa uzembe, na mgonjwa mtu wa kukemewa. Asemaye hivyo anaweza kuwa na nia njema kabisa, kwani sentensi hiyo inampa yeye mwenyewe matumaini kwamba akikaza imani hatapatwa.

Je, basi dini humfanya mtu awe mkali kwa wengine? Gordon Allport na Michael Ross walilichunguza jambo hili katika makala yao ya mwaka 1967 kuhusu dini na ubaguzi, wakawatenganisha wanaoiishi dini kwa ajili yake yenyewe na wanaoitumia kwa ajili ya usalama, hadhi au kujumuika na watu. Wa kundi la pili walikuwa na chuki zaidi dhidi ya watu wa makundi mengine. Walioongoza kwa chuki, hata hivyo, walikuwa watu ambao watafiti hawakuwa wamewatarajia: wale waliokubali kila kauli yenye harufu ya dini, hata kauli zilizopingana. Wachunguzi waliofuata wakaongeza jambo ambalo kwangu linaeleza kikundi chetu kuliko yote, nalo ni kwamba wanaoiishi dini kwa dhati hupungukiwa na chuki hasa pale ambapo mafundisho ya jumuiya yao yanaikataza waziwazi, na si lazima pale ambapo jumuiya inairuhusu au inainyamazia. Mtazamo wa waumini kwa wagonjwa wa akili kwa hiyo hautegemei kiasi cha imani yao peke yake. Unategemea pia kile ambacho mwenye mamlaka chumbani hukiacha kipite. Msimamizi alikuwa na sekunde kumi za kusema, "Ndugu zangu, humu hatusemi hivyo," na hakuzitumia.

Katika kikao cha faragha kilichofuata nililalamika kwa Mama kwa uchungu mwingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama sentensi ile nilikuwa ninaisikia kwa mara ya kwanza, au kama mimi nami niliwahi kuisema. Niliwahi. Miaka kadhaa kabla sijaugua, jamaa yangu mmoja alipokaa miezi bila kutoka nyumbani, nilimwambia aongeze sala. Nilimwambia kwa upendo, nikaondoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na sikurudi kumtazama kwa muda mrefu. Mungu niliyemwakilisha mbele yake ndiye yuleyule aliyeninyamazia mimi usiku. Sikuwa na Mungu mmoja wa kunihukumu mimi na mwingine mpole wa kuwahukumu wengine. Kipimo kilikuwa kimoja, na kilianza kutumika kwa jamaa yangu kabla hakijanifikia. Kwa maoni yangu, huduma yoyote inayodai kutibu nafsi kwa njia ya imani inapaswa kupimwa kwa hili: je, mteja anayetoka humo akiwa amepata nafuu anatoka pia akiwa mpole zaidi kwa mgonjwa anayefuata, au ametua tu mzigo na kumtwisha mwenzake? Huduma hii katika vikao vyake vya faragha inafaulu mtihani huo, na katika vya kikundi inafeli kwa kunyamaza. Jamaa yangu nilimpigia simu jioni ileile. Alisema amekwisha kusahau.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Vikao vya faragha ni vya dakika hamsini, na mshauri hupangiwa wateja mfululizo bila nafasi katikati, jambo ambalo mara mbili lilimfanya Mama anikatize nikiwa katikati ya jambo zito. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa chuo cha teolojia cha Princeton kwenda kutoa hotuba, baadhi yao hotuba yenyewe ikihusu Msamaria Mwema, wakawapitisha karibu na mtu aliyejiinamia akikohoa na kugumia. Walioharakishwa walisimama kumsaidia kwa asilimia 10 tu, na wasio na haraka kwa asilimia 63. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Mwenye huduma angeweka robo saa kati ya mteja na mteja, angepata faida kubwa kuliko ya semina nyingine ya huruma.

Ipo pia huduma ya ziada ambapo kikosi cha waombaji hukuombea na kukutumia ujumbe wa kukujulisha. Niliikataa baada ya vipindi viwili, kwa sababu kila ujumbe ulinifanya nijiulize kwa nini bado sijapona. Katika jaribio kubwa lililoongozwa na Herbert Benson na kuchapishwa mwaka 2006, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo waligawanywa makundi matatu. Walioombewa bila kuwa na hakika na ambao hawakuombewa walipata matatizo ya baada ya upasuaji kwa viwango vilivyokaribia kulingana, asilimia 52 na 51, ilhali walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Sichukulii hilo kuwa ushahidi dhidi ya sala, na huenda tofauti ile ilikuwa ya bahati tu. Nashauri tu waombaji waombe bila kutuma ujumbe.

Wengi wameniuliza kama ni lazima mshauri awe wa dini ya mteja. Mama hakuwa wa dini yangu. Nilisita mwanzoni, hadi nilipopata habari za jaribio la Rebecca Propst na wenzake la mwaka 1992, lililohusu watu 59 wa dini wenye sonona: tiba ya fikra na mwenendo iliyotumia lugha ya imani ya mgonjwa ilifanya kazi, na ilifanya kazi vizuri hasa mikononi mwa watabibu ambao wenyewe hawakuwa watu wa dini. Pengine asiyejua huuliza, na anayejua hudhani. Mama aliuliza kila kitu, hata maana ya maneno ninayoyatamka kila siku. Mpangilio wa vikao kumi katika wiki kumi na mbili kwa simu nao haukuokotwa njiani. Timu ya Harold Koenig iliujaribu kwa watu 132 wenye sonona na maradhi sugu ya mwili, ikachapisha matokeo mwaka 2015, na kwa jumla tiba yenye imani haikuishinda ile ya kawaida wala haikushindwa nayo. Asiyetaka dini katika tiba yake hakosi kitu kwa kwenda kwingine, na mwenye dini aliyeambiwa kwamba lazima achague kati ya daktari na Mungu anaweza kuacha kuchagua. Katika vikao vyote kumi hakuna aliyeniambia niache dawa, na aliyepangiwa mshauri atakayemwambia hivyo namsihi akate simu.

Alama yangu ya sonona ilikuwa 17 kati ya 24 nilipoanza, na 9 nilipomaliza. Siwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na vikao, kiasi gani na dawa, na kiasi gani na yule aliyeniuliza nimelalaje. Vikao vya faragha ningevirudia. Kwenye kikundi ningerudi kwa sharti kwamba msimamizi awe mwingine, au awe yuleyule akiwa amejifunza kukatiza. Baada ya kikao cha mwisho walinitumia dodoso la kuagia, lenye maswali yaleyale manane, na chini yake nafasi ya maoni yenye mistari miwili. Niliandika humo swali la tisa, neno kwa neno, na mbele yake nikaweka visanduku vinne vya kujibia.